Saini ya Saa Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umeanza, na mvua nayo. Kwenye pipa la chumba cha mitihani nimeokota vijitabu vya majibu vinane, vitupu kabisa, vimetupwa kwa sababu nembo ya chuo imechapwa upande. Ndani ya jalada kuna maagizo: andika kwa wino, andika pande zote mbili za karatasi, usiandike jina lako popote. Nitatii yote matatu, na majina ya wengine nitayaacha pia.

Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani na ninaishi kwake na wanangu wawili, anasema mtu mzima anayejiandikia habari zake mwenyewe amekosa kazi. Kazi ninayo. Jengo la ghorofa tatu, kumbi sita, vyoo kumi na viwili, na wanafunzi wanaoingia na tope lote la nje kana kwamba wametumwa walilete.

Leo Msimamizi wa kampuni ya usafi kaniletea mwenzangu mpya. Mama mrefu, mkimya, anatembea akitazama kuta. Nilipomaliza kumbi tatu yeye alikuwa bado kwenye wa kwanza. Nimeshampa jina: Kobe.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Kobe kumbi mbili, mimi nne. Nimemnunia siku nzima, hata hakugundua.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejua kinachomchelewesha. Anasoma ubao.

Nilimkuta ukumbi wa ghorofa ya pili, tambara mkononi, anasoma kila kilichoandikwa tangu juu mpaka chini, midomo ikicheza. Akimaliza ndipo anafuta, na anafuta polepole, kuanzia mwisho. Nikamwambia, "Mwenzangu, huo ni ubao, si barua kutoka kwenu." Akasema, "Mtu kasimama saa nzima akiandika. Nitafuta vipi kabla hata mmoja hajamaliza kusoma?" Nikamjibu wanafunzi wamesoma. Akasema, "Wanafunzi wamenakili."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nimekuwa nikifuta mbao hizo miaka sita na sijui hata moja ilisema nini.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kuhusu kusainiana, maana leo tumeanza.

Mlangoni kuna daftari kubwa juu ya meza ya Bawabu. Unasaini kuingia saa kumi na mbili asubuhi, unasaini kutoka saa kumi jioni. Ukichelewa mara tatu, Msimamizi anakumwagia unga bila kukunja uso. Kila msafishaji niliyewahi kufanya naye kazi amenisainia na mimi nimemsainia. Hakuna aliyetufundisha. Mmoja akikwama kwa mvua mwenzake anampigia saini, na Bawabu anageukia redio yake kana kwamba kwenye redio kuna mtu anamwita. Ni mzee mwema, anajua tunatoka wapi.

Kobe anakaa mbali kuliko mimi. Leo barabara yao ilifunikwa na maji. Nikamsainia. Saini yake ni rahisi: herufi moja yenye mkia mrefu kama ndoano. Alipofika, viatu mkononi, nikamwambia, "Umeingia tangu saa kumi na mbili, hongera." Alicheka kwa mara ya kwanza. Ana pengo mbele, linampendeza.

Jumatatu, 17 Machi

Kuna mhadhiri wa fasihi, mwembamba, miwani inamteleza kila mara, ambaye muhula huu anafundisha somo moja tu mfululizo. Kichwa chake kaandika kwa herufi kubwa: WASIOONEKANA. Kobe kanisomea. Mtumishi anayeingia na sinia kwenye hadithi, anaweka vikombe, anatoka, mwandishi hata hamwelezi sura. Mpishi ambaye hana mstari wake. Mwanamke anayefua mwanzo wa riwaya ili tujue ni asubuhi.

Somo lilipoisha tulikuwa mlangoni na ndoo zetu. Mhadhiri katoka akizungumza na wanafunzi wawili, karuka ndoo yangu vizuri kabisa, mguu wa kwanza, mguu wa pili, bila kukatisha sentensi wala kutupa jicho chini. Mimi na Kobe tukatazamana. Tulicheka mpaka Kobe akakaa kwenye ngazi.

Tangu leo tukimwona tunaambiana, "Kaa mkao wa vikombe, huyo anakuja."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua, mvua. Kobe kaniambia ana binti mmoja, msusi, wanaishi wawili. Binti humsomea magazeti kwa sababu macho yake hayapendi herufi ndogo. Ndiyo maana anapenda ubao.

Jumatano, 26 Machi

Leo nina la kuandika.

Jana jioni Mhadhiri aliacha ubao umejaa, na chini yake alama ya "usifute". Kaorodhesha wasioonekana wote wa vitabuni, kumi na mmoja. Kobe akasoma. Akachukua chaki. Nikamwambia wacha ujinga. Akaandika chini kabisa, kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la saba lakini aliyeishia vizuri: NA UBAO HUU ANAFUTA NANI?

Asubuhi tukapiga deki korido ile ile mara tatu ili tusikose. Mhadhiri kaingia, kasimama, kavua miwani. Kauliza ni mwanafunzi gani. Wakageukiana. Akasema hajawahi kuulizwa swali zuri hivyo katika muda wake wote wa kufundisha, akatupa karatasi zake pembeni, somo zima likawa swali la Kobe. Wanafunzi wakabishana. Mmoja akasema swali ni la kifalsafa, ubao ni historia, anayefuta ni wakati. Kobe akaninong'oneza, "Kumbe mimi ni wakati." Nilijiziba mdomo kwa glavu.

Mwishoni Mhadhiri akasema, "Mwandishi wa swali hili amejificha kwa makusudi, na nataka aje ofisini kwangu." Nikamwambia Kobe nenda. Akasema, "Nikaseme nini? Nikienda litakuwa swali la mfagizi. Liache liwe la mwerevu."

Nilimpenda pale. Nimeandika hivyo kwa sababu nilimnunia wiki nzima ya kwanza na sikumwomba radhi.

Jumatatu, 31 Machi

Msimamizi kaleta madumu mapya. Hayana karatasi, hayana maandishi. Moja la majimaji ya njano, la kuondoa ukungu kwenye masinki. Jingine la kung'arisha. Nikauliza ni nini. "Dawa." Dawa gani? "Ya choo. Ulitaka ya kikohozi?" Wanaume wawili waliobeba wakacheka.

Nimejaribu ya njano choo cha ghorofa ya tatu. Koo limeniwaka, macho yametoka machozi kama nimefiwa. Nikamwambia. Akasema fungueni madirisha. Nikamkumbusha madirisha ya vyoo vya juu yamepigwa misumari tangu mwaka jana mvua ilipoingia ikaharibu dari. Akasema ataliangalia.

Ijumaa, 4 Aprili

Hajaliangalia.

Jumatano, 9 Aprili

Jumatatu watakuja wakaguzi. Msimamizi anataka vyoo ving'ae. "Changanyeni, tumieni zote mbili," kasema, "nataka nijione uso." Kobe kaniuliza, alipoondoka, kwani huwa hajioni. Mimi na Kobe tumegawana: ghorofa ya kwanza na ya pili zake, ya tatu yangu, Ijumaa mchana.

Paa la dada linavuja juu ya kitanda cha wanangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimerudi mapema. Mvua ya leo si ya kusimulia. Saa nane dada kapiga simu, maji yameingia chumbani, vitambaa vya wateja vinaelea. Nikamwambia Kobe. Alikuwa ameshamaliza za kwake. Akasema, "Nenda, mwenzangu. Vya juu nitavimalizia mimi." Nikamwambia aache, tutafanya Jumatatu alfajiri. Akasema, "Nenda bwana, utakuta watoto wanaogelea."

Nikasaini daftari saa nane, mistari miwili, yangu na yake, zote nikaandika saa kumi kamili, ili naye akimaliza asihangaike na foleni ya mlangoni. Bawabu kaongeza sauti ya redio.

Tumetoa maji kwa masufuria mpaka giza. Mgongo wangu umekwisha.

Jumapili, 13 Aprili

Jua kidogo. Tumeanika magodoro.

Jumatatu, 14 Aprili

Siwezi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika yote leo, kwa sababu usiku nikilala yananijia bila mpangilio, na afadhali yawe na mpangilio.

Jumatatu nilifika wa kwanza. Nikamsainia Kobe kuingia. Nilifanya hivyo. Mkono wangu ulichora ndoano ile bila hata kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo.

Nikapanda ghorofa ya tatu niangalie kama vyoo viling'aa. Ndoo ilikuwa mlangoni, kwa nje, tambara limekaukia ukingoni. Nikafikiri, huyu kasahau vyombo, leo nitamtania. Mlango ulikuwa mzito. Nikausukuma kwa bega. Harufu ilikuwa bado ipo, siku tatu baadaye, ikanipiga puani. Alikuwa nyuma ya mlango. Mkono mmoja ulikuwa umefika kwenye kizingiti. Brashi ilikuwa kwenye sinki la mwisho, maana yake alikuwa anakaribia kumaliza.

Masinki yote yaling'aa.

Sikupiga kelele. Nilishuka ngazi nikamwambia Bawabu, naye akapanda, na aliposhuka alikuwa mzee kuliko alivyopanda. Kilichofuata kilikuwa miguu ya watu. Wakaguzi walipelekwa jengo jingine.

Daktari alisema ni hewa ya zile dawa mbili zikikutana mahali pasipo dirisha. Mtu aliyemsikia akisema ndiye aliyeniambia. Wakamwuliza alifariki lini. Daktari kasema hawezi kuapa. Huenda Ijumaa ile ile. Huenda Jumamosi.

Sasa hili ndilo linaloninyima usingizi. Binti yake alikuja Jumamosi. Alikuja getini asubuhi, kaloa, akamwambia mlinzi wa zamu kwamba mama yake hakurudi. Mlinzi akamleta mpaka mezani kwa Bawabu, akafungua daftari. Akamwonyesha. Huyu hapa, katoka saa kumi kamili, saini hii hapa. Binti akashukuru akaenda kumtafuta hospitalini, kisha polisi, kisha kwa ndugu, Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Mama yake alikuwa ghorofa ya tatu, juu ya kichwa cha yule mlinzi.

Bawabu Ijumaa alifunga jengo kwa kuangalia daftari. Ndivyo anavyofunga kila siku. Wote wametoka, anafunga, hapandi ngazi. Magoti yake yamechoka, na kwa nini apande wakati daftari limejaa?

Ni mimi niliyelijaza.

Ijumaa, 18 Aprili

Tumemzika. Mvua ilitusubiri. Chuo kilituma shada. Msimamizi hakuja.

Jumanne, 22 Aprili

Nimelisikia neno kwa mara ya kwanza. Mhudumu wa ofisi ya juu, akichota maji: "Lakini alirudi kufuata nini, wakati alishasaini kutoka?" Nikachukua ndoo yangu nikapita. 

Jumatano, 23 Aprili

Mara ya pili, kantini. "Inasemekana alijificha ili abaki na funguo za stoo."

Alhamisi, 24 Aprili

Mara ya tatu, na sasa neno lenyewe, bila kuzunguka: mwizi. Limetoka kwa Msimamizi. Kawaambia wakuu kwamba kampuni haihusiki, mfanyakazi alimaliza zamu saa kumi kamili kama saini inavyoonyesha, na alichorudi kufanya ndani ya jengo lililofungwa ni juu yake mwenyewe. Madumu yamechukuliwa. Misumari ya madirisha imeng'olewa, na mashimo yake yamezibwa na kupakwa rangi. Mtu asingejua.

Nimemwambia dada. Alikuwa anashona, hakuinua kichwa. "Ukisema, unafukuzwa, na pengine unafungwa. Wewe una watoto. Aliyekufa ameshakufa."

"Wanamwita mwizi."

"Hasikii."

Dada yangu si mtu mbaya. Ndiye aliyenipokea nilipokuja na watoto na sanduku moja. Lakini nilimwangalia akishona na nikamchukia kwa muda, na nadhani nilimchukia kwa sababu alisema nilichotaka mtu aniambie.

Jumatatu, 28 Aprili

Binti yake amekuja kuchukua vitu. Kabati lilikuwa na kandambili, kanga moja, na kipande cha chaki kimefungwa kwenye karatasi. Nilimsindikiza mpaka ngazini.

"Shikamoo, mama," alikuwa ameniambia alipofika, na nikaitikia, na sikuweza kumwangalia. Ana pengo lile lile.

Kabla ya kuondoka akauliza, sauti ya chini, "Mama, wewe ulifanya naye kazi. Ni kweli alikuwa anaiba?"

Nikasema hapana.

"Basi mbona alisaini, halafu akabaki?"

Ningeweza kusema pale. Kinywa nilikifungua. Nikamwambia, "Mama yako alikuwa mtu mwema," maneno ambayo mtu yeyote angeweza kumwambia mtu yeyote. Akaitikia kwa kichwa akashuka. Nilimtazama mgongo mpaka akatoka getini, kisha nikaingia stoo nikalia nikiwa nimeuma tambara.

Jumatano, 30 Aprili

Kamati ya chuo ya kuchunguza kifo itakaa Ijumaa. Nimekwenda ofisini kwa Mhadhiri.

Nilibisha hodi, akasema pita, akaendelea kuandika. Akanyanyua pipa lake la taka akanipa. Nikalichukua. Nikalitua chini. Nikamwambia, "Lile swali la ubaoni, uliyemtafuta ndiye huyu aliyekufa chooni."

Akaacha kalamu. Nilimweleza yote ya siku ile, chaki, korido, wakati. Macho yake yakalowa, na kweli yalilowa, sitamsingizia. Akasimama akaenda dirishani. Kisha akageuka akasema, "Hili lazima liandikwe. Ungekubali niliandike? Kuna jarida moja..."

Nikamwambia, "Mwalimu, Ijumaa ile ulikuwepo?"

Akafikiri. Alikuwepo. Alibaki kusahihisha. Saa tisa hivi alipanda choo cha ghorofa ya tatu, maana cha ghorofa yake kilikuwa bado kimefungwa baada ya usafi. Akakuta ndoo mlangoni. Akageuka akashuka kwenda jengo la pili.

"Hukusikia kitu?"

 Miwani ikateleza, hakuisukuma. "Kulikuwa na kikohozi," akasema.

"Ukadhani nini?"

"Sikudhani kitu," akasema. "Niliona ndoo."

Hatukuzungumza tena kuhusu jarida. Nilimwomba jambo moja tu, aje Ijumaa aseme ilikuwa saa ngapi. Saa tisa ni kabla ya saa kumi. Akasema, "Wataniuliza kwa nini sikusukuma mlango." Nikamwambia ndiyo, watauliza.

Nilipofika kwenye ngazi nilikuwa na hasira, na nikashuka nayo mpaka chini. Pale kwenye meza ya Bawabu, daftari likiwa wazi, ndipo ikaniishia. Yule alipita mara moja akaona ndoo. Mimi nilimwacha na ndoo ile ile, na kazi yangu, na nikamwandikia saa ya kutoka.

Alhamisi, 1 Mei

Nimefua sare. Nimewaambia wanangu huenda nikatafuta kazi nyingine. Mdogo kauliza kama kazi mpya itakuwa na chaki, maana huwa namletea vipande. Dada kanipigia pasi sare.

Ijumaa, 2 Mei

Walikuwa watatu mezani, Naibu Mkuu wa chuo, mwanasheria, na mama wa utumishi. Msimamizi alikaa pembeni na daftari magotini, kalishika kama mtu aliyeshika mtoto.

Mhadhiri alikuja. Nampa haki yake, alikuja. Akasema saa tisa alikuta ndoo na akasikia kikohozi. Naibu akauliza, "Ulimwona mtu?" Akasema, "Niliona ndoo." Akaulizwa tena, kwa upole, kama ana hakika na saa, akasema karibu na saa tisa, pengine zaidi. Akaulizwa kwa nini hakuangalia ndani. Akavua miwani akaifuta kwa tai, na hakuna aliyemlazimisha kujibu. Msimamizi akasema, "Waheshimiwa, ndoo haisaini daftari." Mwanasheria akatabasamu kidogo.

Bawabu aliitwa. Akasema alifunga kwa kufuata daftari. Hakuulizwa kuhusu redio.

Mimi sikuwa nimeitwa. Nilikuwepo tangu mwanzo kwa sababu ya chai, nikisubiri pembeni na birika. Niliweka vikombe, kimoja kimoja, na nikaona kwamba hakuna aliyenitazama, na kwamba nikitoka pale yatakuwa yamekwisha. Nikapiga moyo konde. Nikasema, "Ile saini si yake. Ni yangu."

Naibu akadhani naongea na mtu mwingine. Akaangalia mlangoni.

Nikarudia. Nikasema nilisaini saa nane, nikaandika saa kumi, kwake na kwangu, na vyoo vile vilikuwa zamu yangu. Msimamizi akasimama akasema huyu ni rafiki wa marehemu, anatia chumvi, ametumwa na familia. Mwanasheria akauliza nina ushahidi gani.

Nikaomba kalamu.

Mama wa utumishi akanipa. Nikainamia karatasi pembeni ya vikombe nikaandika ndoano ile. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mara kumi. Nilikuwa nasikia kalamu tu. Mwanasheria akachukua daftari kutoka magotini kwa Msimamizi, akaweka karatasi yangu kando ya mstari wa tarehe kumi na moja. Akafungua kurasa za nyuma, saini za asubuhi za mvua. Kisha akauliza taratibu, "Hii ya Jumatatu, tarehe kumi na nne, kuingia saa kumi na mbili. Siku aliyokutwa. Ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani amechelewa."

Mama wa utumishi akaweka mkono mdomoni. Naibu alinitazama. Mwaka wa sita huu namwekea chai, leo ndipo aliponitazama, na sikuona faida yake.

Niliwaambia pia kuhusu madumu na misumari. Waliandika. Niliona kalamu zikienda. Niliwaachia na vijitabu hivi mpaka jioni wavisome, wamenirudishia, kimoja kina alama ya kikombe.

Ijumaa, 9 Mei

Ripoti imebandikwa. Nimesimama mbele yake kama Kobe, nimesoma tangu juu mpaka chini.

"Marehemu alikuwa kazini wakati wa tukio." Hiyo ipo. "Hakuna ushahidi wowote wa nia ya wizi." Hiyo ipo pia. Kisha: "Chanzo cha tukio ni udanganyifu wa mfanyakazi mwenzake aliyeghushi saini, na hivyo kusababisha jengo kufungwa." Hapo ndipo inaishia. Madumu hayamo. Misumari haimo. Msimamizi anapewa shukrani kwa ushirikiano. Mimi nimeachishwa kuanzia leo, na kesi wataamua.

Nilitegemea wataandika vyote au wasiandike chochote. Sikutegemea wangechagua.

Nimenakili ile mistari miwili ya kwanza kwa mkono, Mama wa utumishi kanipigia muhuri, nimempelekea binti. Alinipokea na chanuo mkononi, mteja amekaa, kichwa kimesukwa nusu. Akasoma mara mbili. Nikamwambia na mstari wa tatu, kwa mdomo, maana sikutaka ausikie kwa mwingine.

"Kwa hiyo ni wewe uliyesaini."

"Ni mimi."

"Mlinzi alinionyesha," akasema. "Niliigusa kwa kidole. Nikasema, afadhali, mama ametoka."

Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa njia nzima, nikaona ni mzigo mwingine ninaotaka kumtwika. Akaikunja ile karatasi akaitia kwenye mfuko wa aproni, akarudi kwa mteja wake. Hakuniambia karibu tena. Nilipofika nje nilimsikia akimwuliza mteja kama anaumia.

Jumatatu, 12 Mei

Jua. Mvua imekatika kama haijawahi kuwepo.

Nimeenda jioni kurudisha sare na kuchukua viatu vyangu. Kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili ubao ulikuwa umejaa, muhula unaisha. Kumi na mmoja wale wale, na chini yao, kwa mwandiko wa Mhadhiri, wa kumi na mbili: "aliyefuta ubao". Msafishaji mpya, msichana mwepesi, alikuwa anafuta haraka haraka kutoka katikati. Nilitaka kumwambia asome. Alikuwa na kumbi nyingine tano, nikamwacha.

Bawabu alinifungulia daftari nisaini kutoka kwa mara ya mwisho. Nikarudisha kurasa nyuma mwenyewe. Kamati imepiga mstari mwekundu juu ya saini zangu za uongo zote, pamoja na ile ya tarehe kumi na moja. Kwa hiyo mstari wa Kobe wa siku ile una kuingia, kwa mkono wake mwenyewe, na sehemu ya kutoka haina kitu.

"Na mimi nimeliona hilo," Bawabu akasema. Redio ilikuwa imezimwa. "Kwa daftari hili, binti yangu, yule bado yumo ndani."

Ilikuwa saa kumi. Akachukua funguo, akashika reli ya ngazi. Nilimwambia magoti yako, mzee. Akasema yataumia.

Nilimsikia akipanda moja moja. Ghorofa ya kwanza akasukuma kila mlango, akaita, "Kuna mtu?" Ya pili akaita. Ya tatu alikawia. Nilisikia milango ya vyoo ikifunguliwa mpaka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na sauti yake ikiuliza kila mara, na kila mara akinyamaza kidogo kusubiri.

Nikasimama pale mezani mpaka aliposhuka. Kisha nikaangalia saa ya ukutani, nikaandika saa kumi na dakika kumi na nne, nikasaini mstari wangu peke yake.